Mteja Usiyemwona Naye Ni Mgeni Wako

  

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mdahalo uliowaka moto kwelikweli. Hoja ilikuwa: "Biashara ya mtandaoni imeua utu." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na sikupangwa na katibu, niliomba mwenyewe. Nilikuwa na donda langu moyoni. Nilisema hadi jasho likanitoka, nikapigiwa makofi, na upande wetu ukashinda.

Leo nimeshika kalamu ili nikane nusu ya yale niliyosema siku ile. Nusu nyingine bado naishikilia. Nisikilize basi, halafu uamue mwenyewe.

Kwanza tuelewane ninazungumzia nini. Nchini kwetu kununua bila kumwona muuzaji kulipata miguu baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kwa kuwa sasa pesa ziliweza kwenda bila mtu kwenda. Mwaka 2013 Jumia ikafungua duka lake la mtandaoni Kenya, na Kilimall ikafuata mwaka 2014. Hayo ni maduka makubwa. Lakini huku kwetu Kwale, duka la mtandaoni mara nyingi ni binti mmoja aliyekodi chumba Ukunda, anapiga picha za madera na viatu, anaziweka WhatsApp au Facebook, anapokea pesa kwa simu, kisha anampa mzigo mwenye boda au utingo wa matatu. Nyumba zetu hazina nambari. Utasikia mtu anaelekeza hivi: "Shukia msikitini, uliza kwa mzee mwenye kinu cha kusaga, halafu hesabu nyumba ya tatu, ile yenye mwembe." Na mzigo unafika, bwana!

Sasa fikiria, msomaji. Sokoni unashika nazi, unaitikisa sikioni, unasikia maji. Unavuta kitambaa uone kama kitachanika. Kwenye simu huwezi kufanya lolote katika hayo. Unaona picha tu, na picha hainusiki wala haitikisiki. Unatuma pesa kwa mtu ambaye hujui hata sura yake. Wahenga walitukanya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Sisi siku hizi gunia lenyewe hatulioni, tunaona picha ya gunia!

Hilo ndilo lililonipata. Likizo ya Aprili niliangua madafu na kuyauza kando ya barabara hadi nikapata shilingi 1,300. Mama akaniongezea 500. Nikaona katika simu ya mama picha ya viatu vyeusi vya shule, vizuri vya kumeremeta. Chini ya picha paliandikwa "bei njoo inboksi", jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili ya leo. Nikaingia inboksi, nikatajiwa bei, nikatuma 1,800 zote.

Mzigo ulifika siku ya tatu, na ulikuwa umepambwa! Karatasi ya rangi, utepe, peremende mbili, na kadi ndogo yenye maua iliyoandikwa kwamba mimi ni mteja mpendwa na sasa nimekuwa mmoja wa familia. Nilifurahi hata nikala peremende moja kabla ya kujaribu kiatu. Kumbe viatu vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto!

Usicheke, msomaji. Au basi, cheka kidogo. Nilipiga simu, haikushikwa. Nikaandika kwa adabu zote nilizofunzwa hapa shuleni. Siku ya pili nikajibiwa, "Tulikagua kabla ya kutuma." Nikatuma picha ya viatu vyenyewe. Nikajibiwa, "Mali ikishauzwa hairudi." Nilipoandika mara ya tatu nikakuta nimefungiwa, ile familia ilikuwa imeshanifukuza. Muhula ulipofunguliwa nilirudi na viatu vyangu vya zamani, vile vilivyoshonwa na fundi mara tatu. Tunaolala bweni moja mnavijua.

Ndiyo sababu nilinguruma vile kwenye mdahalo. Lakini likizo ya Agosti likatokea jambo lililonitikisa.

Bibi yangu anaishi Msambweni. Kulikuwa na harusi ya mjukuu wake, na bibi alitaka kuwapelekea wakwe leso. Walimu na wanafunzi wa pwani wanajua uzito wa jambo hilo, lakini kwa wenzetu wa bara nitaeleza. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Ukimpa mtu leso, umempa na maneno. Leso yenye jina la baraka inajenga ukoo. Leso yenye fumbo la kusuta inaweza kuvunja harusi kabla ya pilau kuiva. Bibi magoti yanamsumbua, hawezi tena safari ya kuvuka feri ya Likoni hadi Mombasa. Mama akamtafutia muuzaji wa simuni, binti wa Ukunda. Nilipiga kelele, "Mtaibiwa!" Hakuna aliyenisikiliza.

Picha zikaja. Zilikuwa nzuri, lakini leso zilikuwa zimekunjwa na majina hayaonekani. Isitoshe, bibi hajui kusoma. Nikamwandikia yule binti kwa ukali kidogo kwamba mnunuzi ni mtu mzima, hasomi, na anataka kujua majina. Nilitarajia nijibiwe "soma kwenye picha" au nisijibiwe kabisa. Baada ya muda mfupi ikaingia sauti. Nikaiweka karibu na sikio la bibi:

"Shikamoo bibi. Samahani, nilikunja leso vibaya nikaficha majina. Nitakusomea moja moja. Ya kwanza ni ile nyekundu..."

Akasoma majina ya leso sita, polepole, kila moja kwa nambari yake na rangi yake, na mbili akazieleza kwa Kidigo zilivyo na maana ya ndani. Bibi akaitikia "marahaba mwanangu" kana kwamba yule binti yumo chumbani. Akataka arudiwe ile ya tatu, akacheka hadi machozi. Akachagua nambari 4.

Haya, hapo mambo yalikwenda vizuri. Lakini mzigo ulipofika Alhamisi, ndani mlikuwa na nambari 5! Na jina la nambari 5 ni fumbo ambalo kwa heshima ya walimu sitaliandika hapa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nikajisemea, "Si niliwaambia? Sasa tutafungiwa." Nikaandika. Hazikupita dakika 10, simu ikalia. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Bibi, kosa ni langu, si la mwenye boda. Nilishika leso ya kando. Nambari 4 inaingia matatu ya jioni hii, nauli juu yangu. Hiyo nyingine kaa nayo tu, nitatuma mtu aichukue. Harusi haitaharibika kwa sababu yangu."

Jioni ileile leso ikafika. Tulipoifungua tukakuta amekwisha kuikata na kuipinda, maana leso huuzwa jozi ikiwa haijakatwa, na bibi angelazimika kutafuta fundi usiku. Hapakuwa na utepe, kadi wala peremende. Kulikuwa na leso iliyopindwa, tayari kutolewa mkononi kwa wakwe.

Msomaji, bibi mpaka leo hazungumzii pilau ya harusi ile. Anazungumzia yule "mtoto wa Ukunda". Ameshawaelekeza kwake wanawake wa Msambweni, wa Gazi na hata dada yake wa Kikoneni. Yeye asiyejua kusoma amekuwa tangazo linalotembea. Mimi nami nimekuwa tangazo la yule wa viatu, lakini la aina nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Wauzaji wengi wa mtandaoni siku hizi wameambiwa kwamba huduma ya kukumbukwa ni mapambo: kadi, utepe, vikatuni na maneno matamu. Mimi nasema mapambo ni mazuri, lakini mteja hujua thamani yako siku umekosea. Wote wawili walinikosea. Mmoja alinipa peremende akanifungia mlango. Mwingine hakunipa kitu cha kulamba, ila alisema "kosa ni langu" na akatoa nauli mfukoni mwake. Ubunifu wake haukuwa wa kuonyesha ujanja. Alimfikiria bibi mmoja, asiyesoma, mwenye magoti mabovu, mwenye harusi Jumamosi, akampa kile hasa alichohitaji.

Wala jambo hili si geni kwetu. Sokoni tangu zamani kuna nyongeza. Unanunua fungu la maembe, unasema "mama, nyongeza", naye anatupia embe moja juu. Embe lile halikufanyi tajiri, lakini linakwambia kwamba umeonekana. Mjini Mombasa, katika Mtaa wa Biashara, liko duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa ya "Mali ya Abdulla", ambalo asili yake ni mwaka 1887. Zaidi ya miaka 130! Duka haliishi umri huo kwa picha nzuri tu. Na wazazi wetu wengi waliofanya kazi katika hoteli za Diani watakwambia kwamba mgeni humkumbuka mhudumu aliyemwita kwa jina siku ya pili, kuliko anavyokumbuka rangi ya mapazia.

Hata ughaibuni wamegundua hayohayo. Huko Marekani kuna duka la viatu la mtandaoni liitwalo Zappos, lililoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Amazon mwaka 2009. Viatu lilivyouza vilipatikana kwingine pia. Sifa yake ilitokana na simu: wahudumu hawakuwekewa kikomo cha dakika wala kukaririshwa majibu, na mteja aliruhusiwa kurudisha viatu hadi siku 365. Mwaka 2012 mhudumu wao mmoja alizungumza na mteja mmoja kwa zaidi ya saa 10. Sisemi muuzaji wa Ukunda azungumze saa 10. Hizo pesa za simu atazitoa wapi? Nasema tu kwamba kampuni ya mamilioni iliona faida ya kusikiliza, na sisi wa maembe tunaijua faida hiyo tangu utotoni. Mbona tukishika simu tunaisahau?

Najua mpinzani wangu wa mdahalo atanyanyua mkono. Atasema, "Huduma hiyo ni gharama. Ukigawa nauli kila siku utafunga duka." Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Kulikuwa na kampuni iitwayo Copia iliyoanza Kenya mwaka 2013. Iliwahudumia watu wa vijijini kupitia mawakala, yaani wenye maduka ya mtaani, hata mtu asiye na simu ya kisasa aliweza kuagiza sufuria au godoro kwa mtu anayemjua. Ulikuwa mpango wenye utu ndani yake. Lakini mwezi wa Mei 2024 kampuni hiyo iliwekwa mikononi mwa wasimamizi baada ya kukosa mtaji wa kuiendesha. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Utu hauondoi hesabu.

Hata hivyo, tupige hesabu ya yule binti. Alipoteza nauli ya mzigo mmoja na muda wa kupinda jozi moja. Alipata wateja ambao hakulipia tangazo hata shilingi. Na yule wa viatu? Alibaki na shilingi zangu 1,800, akapoteza bweni zima linalohitaji viatu kila mwaka. Nani aliyekula hasara?

Nasi wanunuzi tusijifanye malaika. Kuna watu huagiza chakula au nguo, mwenye boda akatoka Ukunda juani mpaka Msambweni, akifika simu imezimwa. Wengine huvaa dera harusini Jumamosi kisha Jumatatu wanalirudisha wakidai halikuwatosha. Muuzaji akiumwa na watu hao mara tatu, mara ya nne atamjibu kwa ukali mteja mwema. Utu unapita njia mbili kama barabara ya Lunga Lunga.

Tena tukumbuke kwamba si hisani tu tunayoiomba. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mwaka 2012 Bunge likatunga sheria ya kuwalinda wanunuzi. Kwa hiyo ule usemi wa "mali ikishauzwa hairudi" haufuti haki ya mtu aliyeuziwa viatu viwili vya kushoto. Lakini nani kati yetu atafunga safari ya kwenda kudai shilingi 1,800? Ndiyo maana neno la muuzaji lina kazi kubwa kuliko sheria.

Na neno, wanachama wenzangu, ndilo eneo letu. Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Mpendwa mteja, lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa." La pili: "Pole sana. Nimeona picha, kosa ni letu. Kesho saa nne asubuhi nitakupigia." La kwanza limeandikwa na mashine, au na mtu aliyejigeuza mashine. La pili lina mtu ndani yake. Kiswahili kimetupa pole, samahani, karibu, shikamoo, starehe. Maneno haya hayauzwi, tunayo bure. Mtu akikujibu kwa Kiingereza cha kunakili ilhali wewe umemwandikia Kiswahili, ameshakwambia kwamba hakukusoma.

Kwa nini nayasema haya katika jarida la shule? Kwa sababu wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne hatutapata kazi za ofisini mara moja. Tutauza. Tutauza nguo, samaki wa Shimoni, maembe, leso, na tutauzia simuni. Basi naomba nipendekeze mambo matatu. Kwanza, andika bei na kasoro waziwazi kabla ya kupokea pesa. "Bei njoo inboksi" ni kumficha mgeni sahani. Pili, mteja akilalamika, mjibu kwa sauti au kwa simu, usijifiche nyuma ya maandishi. Tatu, tenga kidogo katika faida yako kwa ajili ya siku utakayokosea, maana siku hiyo itakuja tu. Chama chetu nacho kinaweza kusaidia: tuandike mifano ya majibu mazuri ya Kiswahili kwa wauzaji, na tuanze na wazazi na ndugu zetu wanaofanya biashara hii.

Kwenye mdahalo nilisema mtandao umeua utu. Nakana. Simu haina moyo wa kuua wala wa kuokoa. Hubeba tu kilichomo ndani ya mtu aliyeishika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, nao hawakusema lazima mgeni aje kwa miguu. Lakini nusu ile nyingine siikani: wapo waliopata mahali pa kujificha, na tukinyamaza wataongezeka.

Viatu vyangu viwili vya kushoto bado viko chini ya kitanda nyumbani. Mama aliniambia nivitupe, nikakataa. Siku nikifungua duka langu, la simuni au la barabarani, nitavitundika ukutani mbele ya macho yangu, ili kila mteja akipiga simu kulalamika, nivitazame kwanza kabla ya kujibu.

Ni hayo tu kwa sasa. Mwenye maoni tofauti tukutane kwenye mdahalo ujao.